Lamu: Mji wa Birika, na Mikono Impokeayo Mtoto

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu hupita Malindi, kisha huvuka mto Tana karibu na Garsen, na baada ya Witu hufika Mokowe, ambako barabara hukoma ufuoni. Hapo hushuka katika basi na kuingia mashuani, na baada ya kitambo huuona mji wenyewe ukingoni mwa bahari, nyumba zake za mawe zikiwa zimesongamana bega kwa bega. Mji huu umekaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 700, na mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia.

Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Njia zilizo kati yake ni nyembamba mno, hata mtu akikutana na punda mwenye shehena hana budi kujibanza ukutani ili apishwe. Gari halina nafasi humo. Mawe ya ujenzi, mchanga, magunia ya unga na mizigo ya wageni, vyote hivyo huchukuliwa na punda, au hamali, au mkokoteni. Kwa hiyo samadi ya punda huonekana njiani kila siku, na kando ya njia mna mifereji ipitishayo maji machafu. Watoto hucheza humo humo, wavuvi hupita na samaki wao, na wachukuzi hushika kamba na matandiko ya punda tangu asubuhi hata jioni. Mkulima wa bara aliyezoea zizi la ng'ombe hataona ajabu. Atatambua tu kwamba mikono ya mji huu, kama mikono ya shamba lake, hukusanya mengi kabla jua halijatua.

Lakini mtu avukaye kizingiti huona jambo jingine. Nyumba ya Lamu huanza na daka, ambapo wageni huketi juu ya viti vya mawe, na nyuma yake huwa na vyumba vya ndani ambavyo si kila mtu huviingia. Katika chumba cha kuogea cha nyumba za kale mna birika, yaani hodhi la mawe lililopakwa chokaa, lenye maji ya kuchotwa kwa kata. Watu wa kale walitia humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Na chini ya hodhi walijengea bakuli la kaure, ili maji yakimwagwa kwa kusafisha, samaki wasalie na mahali pa kukaa. Waliobuni hayo hawakuhitaji mgeni awafundishe maana ya usafi.

Neno birika lina maana ya pili pia, nayo ni kile chombo chenye mdomo na mkono ambacho hutumika kumiminia maji. Chakula kinapokuwa tayari, kijana wa nyumba huleta birika hilo pamoja na beseni, akaanza na mkubwa wa watu walioketi, akammiminia maji mikononi, kisha akaendelea kwa wengine mmoja mmoja. Hapana aulizwaye kama mikono yake ni safi au michafu. Maji huja kwa wote, na wote hunawa. Tena, mara tano kwa siku, Mwislamu atakaye kusali hutawadha, na kuosha mikono ni mwanzo wa kutawadha kwake.

Basi katika mji kama huu mtu angedhani kwamba habari ya kunawa mikono imekwisha kukatwa, haina mjadala tena. Kumbe mjadala upo, nao hutokea pale ambapo mtoto mchanga amezaliwa.

Kwa desturi ya pwani, mama aliyejifungua hukaa ndani siku arubaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa vyakula vya kumrudishia nguvu, na jamaa huja kumpa mkono wa heri. Huja mavyaa, huja mashangazi na wakaza mwana wengine, huja majirani na watoto wao. Kila ajaye hutaka kumpakata mtoto, kumtazama anafanana na nani, na kumwombea dua. Mtoto hupita mapaja kwa mapaja. Na wengi wa hao wametoka njiani, wameshika fedha, wameshika samaki sokoni, wamefuta mtoto wao pua.

Hapo ndipo nyumba zinapotofautiana. Katika nyumba moja, bibi wa mtoto huona kwamba kumtaka mtu anawe kabla ya kumshika mjukuu wake ni kumtukana. Yeye amelea watoto wengi kwa mikono hiyo hiyo, wakakua, wakaoa na kuolewa. Naye hukumbusha kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Huongeza kuwa mtoto asiyezoea vumbi atakuwa dhaifu, na kwamba mkono wa nasaba yake haumdhuru. Katika nyumba ya pili, mama kijana, aliyesikia mafundisho ya kliniki, huogopa kila mkono. Hufunga mlango, hamwamini hata mama yake mzazi, na wageni huondoka wakinung'unika. Naye hujibu moyoni kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Katika nyumba ya tatu hapana ugomvi wowote, kwani beseni moja la maji huwekwa mlangoni na kila aingiaye huchovya vidole vyake. Wote huridhika, ingawa mtu wa kumi hunawa kwa uchafu wa tisa waliomtangulia.

Baba wa mtoto naye mara nyingi huwa kati, kama mtu aliyepanda mashua mbili. Akimwambia mama yake anawe, ataitwa mtoto aliyetawaliwa na mkewe. Akinyamaza, mkewe atamwona hajali uhai wa mwanawe.

Yafaa kupima maneno ya kila upande kwa haki. Bibi asema kweli kwamba wengi walikua bila sabuni. Lakini makaburi madogo ya zamani hayasemi, na waliokua ndio wanaosimulia. Kweli pia kwamba mtoto mkubwa achezaye nje hukutana na vijidudu na mwili wake hujifunza kupigana navyo. Mtoto wa siku kumi si kama huyo. Kinga ya mwili wake bado ni changa, kitovu chake chaweza kuwa kidonda kibichi, na maradhi ya kuambukizwa ni moja ya sababu kubwa za vifo katika mwezi wa kwanza wa maisha. Vijidudu viletavyo kuhara hutoka katika kinyesi, hukaa mkononi bila kuonekana wala kunuka, na mtoto huvipata anyonyapo kidole cha mtu au apewapo kitu kinywani. Mafua ya mtu mzima, yaliyo mzaha kwake, yaweza kuwa homa ya mapafu kwa mtoto mchanga. Na nasaba haizuii jambo hilo, kwa kuwa vijidudu havijui shangazi wala jirani.

Kwa upande wa mama kijana, hofu yake ina msingi, ila kufunga mlango si dawa. Mtoto ahitaji mikono mingi ya kumlea, na mama aliyechoka ahitaji msaada kuliko wakati wote. Mikono inapofukuzwa, mzigo wote humwangukia yeye peke yake.

Aibu hii ya kuambiwa unawe si ya Lamu tu, wala si ya wasiosoma. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, daktari mmoja Mhungaria aitwaye Ignaz Semmelweis alisumbuliwa na jambo moja. Hospitali ilikuwa na wadi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Akina mama walikufa kwa homa ya uzazi zaidi sana katika wadi ya madaktari, na wanawake wa mji walijua hivyo wakaiogopa. Semmelweis akagundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kwa wazazi. Akawaamuru waoshe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo akina mama wapatao 18 katika kila 100 walikufa katika wadi hiyo. Kufika Juni walikuwa kama 2 tu. Hata hivyo wakubwa wengi wa udaktari walimkataa, na baadhi yao waliona vibaya kuambiwa kwamba mikono ya watu wenye heshima ndiyo iliyochukua mauti. Alikufa mwaka 1865, kabla dunia haijakubali maneno yake. Ikiwa wataalamu wa Vienna walikasirika, si ajabu bibi wa Lamu naye akikunja uso.

Katika siku za karibu zaidi, uchunguzi uliofanywa kusini mwa Nepal na kutangazwa mwaka 2008 uliwafuata watoto wachanga zaidi ya 23,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa nyumbani. Ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walisema hunawa kabla ya kuwashika walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa 44 katika 100, ikilinganishwa na watoto wa mama wasionawa. Labda mama anayenawa huwa mwangalifu katika mambo mengine pia, na sehemu ya faida hiyo yatokana na hayo. Lakini hata mtu akipunguza hesabu hiyo, yaliyosalia ni uhai wa watoto wengi.

Jawabu la ugomvi wa nyumba zile tatu limekuwamo Lamu siku zote, nalo ni lile birika la kumiminia. Mgeni wa chakula haoni aibu kunawa kwa sababu haombwi, huletewa. Nyumba yenye mtoto mchanga yaweza kufanya vivyo hivyo. Kila ajaye kumtazama mtoto huketi kwanza, kijana wa nyumba akaja na birika, beseni na sabuni, akaanza na bibi mwenyewe kwa kuwa ndiye mkubwa. Mavyaa huona ametangulizwa kwa heshima, mkaza mwana hupata raha ya moyo, na baba hana la kuamua kati ya mama yake na mkewe. Tena maji yanayomiminwa hayamrudii mtu wa pili, kama yale ya beseni la kuchovya.

Watu wa Kenya walikwisha kuonja desturi kama hiyo. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwezi wa Machi 2020, mitungi yenye bomba iliwekwa milangoni mwa maduka, misikiti, makanisa na ofisi, na kila mtu alinawa, mkubwa kwa mdogo, bila kuhisi kwamba ametukanwa. Mitungi mingi imekwisha kuondolewa. Nyumba iliyo na mtoto mchanga ina sababu ya kuurudisha wake.

Yapo na mambo ya kuangalia. Maji peke yake hayatoshi, kwa maana uchafu hushikamana na mafuta ya ngozi, na sabuni ndiyo iyabanduayo. Mikono isuguliwe viganjani, migongoni, kati ya vidole na chini ya kucha kwa muda wa kuhesabu polepole hata 20, kisha isuuzwe kwa maji yatiririkayo na kuachwa ikauke, au ifutwe kwa kitambaa safi, si kwa pindo la nguo iliyovaliwa tangu asubuhi. Maji matamu ya Lamu hutoka katika visima vya Shela, ambako vilima vya mchanga huhifadhi maji ya mvua. Penye maji ya chumvi sabuni haitoi povu jema, hivyo hapana budi kusugua zaidi. Nyakati za kunawa kwa ajili ya mtoto si nyingi: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto kinyesi, kabla ya kumnyonyesha au kumtengenezea chakula, na kabla ya kumpokea mtoto mchanga. Mama mwenyewe, na ndugu mkubwa anayeachiwa mtoto huku mama akipika, wote wamo katika sheria hii.

Si lazima mtu awe na nyumba ya mawe wala hodhi lenye samaki. Mkulima wa Kisii au wa Kitui aweza kutoboa tundu dogo katika dumu kuukuu, akalitundika mtini karibu na mlango, na kuning'iniza kipande cha sabuni kando yake; na siku ambayo sabuni imekwisha, jivu safi la mekoni litasaidia. Karani aishiye katika chumba kimoja mjini aweza kuweka jagi na beseni juu ya kijimeza. Lililo kubwa ni kwamba maji yamfikie mgeni kabla mtoto hajamfikia, na kwamba mkubwa wa nyumba awe wa kwanza kunyosha mikono, ili wadogo wasipate la kusema.