Beira: Mji Unaopimana Nguvu na Bahari

Mji wa Beira, katika pwani ya Msumbiji, ni mlango wa nchi nyingi. Nyuma yake ziko Zimbabwe, Zambia na Malawi, nchi zisizo na bahari, ambazo kwa miaka mingi zimeitegemea bandari hiyo kwa kuingiza mafuta na mbolea na kwa kutoa mazao na madini yao. Reli itokayo Beira ilifika Umtali, mji ambao leo huitwa Mutare, mnamo mwaka 1898. Katika vita vya miaka ya 1980 askari wa Zimbabwe walipiga kambi kando ya reli hiyo na bomba la mafuta, wakavilinda bega kwa bega na wenzao wa Msumbiji, kwa kuwa kila aliyeijua njia hiyo alielewa kwamba kuifunga ni kuzikaba koo nchi za jirani. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1992. Adui aliyebaki mlangoni sasa ni maji.

Msafiri atokaye Zimbabwe kwa barabara huvuka mpaka penye Machipanda, hupita Chimoio katika nchi ya milima, kisha huteremka kidogo kidogo hadi bonde la mto Pungwe. Hapo ardhi hulala tambarare kama mkeka. Dondo, kiasi cha kilometa 30 kabla ya Beira, ni mahali pa mwisho penye ardhi iliyoinuka. Baada ya hapo mashamba ya mpunga na mabwawa hufuatana, na mpunga hulimwa hata ndani ya mji wenyewe, baina ya nyumba na nyumba. Mgeni anayejua kilimo hana haja ya kuambiwa kitu: penye mpunga maji hayako mbali.

Mji juu ya kinamasi

Wareno waliujenga mji huu katika miaka ya 1890, mahali ambapo mto Pungwe huingia baharini, kwa sababu palifaa kwa meli na kwa reli. Hawakupachagua kwa kuwa panafaa kwa makazi ya watu. Sehemu kubwa ya Beira iko chini ya kiwango cha maji ya bahari yanapojaa kabisa. Pwani hiyo, aidha, ina kupwa na kujaa kukubwa mno: wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita 6, yaani zaidi ya kimo cha nyumba ya ghorofa moja. Katika mji wa namna hiyo watu zaidi ya 500,000 wanaishi, wanafanya kazi na kulea watoto wao.

Yapo mengi ya kutazama. Katika ufuko wa Macuti uko mnara wa taa wa kuongozea meli, na karibu nao limelala gofu la meli kuukuu, ambalo mawimbi hulipiga mchana na usiku. Mivinje imepandwa kando ya bahari ili mizizi yake izuie mchanga, lakini mingine imekwisha kung'olewa na mawimbi. Lipo pia jengo kubwa lililofunguliwa katika miaka ya 1950 kuwa hoteli ya fahari. Hoteli hiyo haikudumu, na kwa miaka mingi jengo limekuwa makazi ya maelfu ya watu wasio na mahali pengine. Sokoni husikika Kisena, Kindau na Kireno, na samaki wa Praia Nova huuzwa wangali wabichi.

Sofala iliyomezwa

Kusini ya Beira ilikuwako bandari nyingine, kongwe zaidi, ambayo jina lake wanalijua wasomaji wa historia ya Waswahili: Sofala. Dhahabu kutoka nyanda za juu za Zimbabwe ilishuka hadi Sofala, ikapakiwa majahazini kupelekwa Kilwa, na utajiri wake ndio uliowawezesha masultani wa Kilwa kujenga majumba ya mawe katika karne ya 14. Mwaka 1505 Wareno walijenga ngome Sofala ili waikamate biashara hiyo.

Leo ngome hiyo haipo. Mchanga ulihama, bahari ikala ufuko, na kuta zilizojengwa kwa ajili ya mizinga zikashindwa na mawimbi. Sehemu ya mawe yake ilichukuliwa kujengea kanisa kuu la Beira. Mawe hayo yamekimbia bahari mara moja, nayo sasa yamekaa katika mji ambao bahari inaufuata.

Kwa nini maji yanapanda

Wataalamu wamepima kwamba tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi mwaka 2018 kiwango cha bahari duniani kilipanda kwa kiasi cha sentimeta 20. Sababu zake kubwa ni mbili. Kwanza, maji yanapopata joto hutanuka, na bahari zimekuwa zikipata joto kwa ajili ya moshi wa viwanda, magari na mitambo inayochoma makaa ya mawe na mafuta. Pili, barafu iliyo juu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland, inayeyuka na kumiminika baharini. Sehemu ya Msumbiji katika moshi huo ni ndogo mno, lakini bahari haibagui.

Huenda mtu akasema kwamba sentimeta 20 ni shubiri moja tu. Ili aone uzito wake, na atazame mfereji wa maji ya mvua wa Beira. Mfereji huo humwaga maji baharini kwa kupitia milango ya chuma. Bahari ikijaa, milango hufungwa ili maji ya chumvi yasiingie mjini. Bahari ikipwa, hufunguliwa ili maji ya mvua yatoke. Kwa hiyo mvua kubwa inyeshapo wakati wa maji kujaa, mji hauna budi kungoja, na maji hungoja pamoja nao, majumbani na barabarani. Kadiri bahari inavyopanda, ndivyo saa za kufungua milango zinavyopungua. Shubiri moja baharini huwa siku nzima ya matope huko Munhava, mtaa wa watu wengi ulio bondeni.

Usiku wa Idai

Mwanzoni mwa Machi 2019 mvua nzito zilinyesha Malawi na Msumbiji. Hali hiyo mbaya ya hewa ikahamia baharini, ikapata nguvu, ikageuka kuwa kimbunga kilichopewa jina la Idai. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi kimbunga kilirudi na kuingia nchi kavu karibu na Beira, kikivuma kwa mwendo unaozidi kilometa 160 kwa saa. Mabati yaliruka kama karatasi. Umeme na simu vilikatika, na barabara ya kuingia mjini ikavunjwa na maji.

Msiba mkubwa zaidi ulifuata upepo ulipokwisha. Mito Pungwe na Buzi ilifurika, mabonde yakawa bahari ya pili, na watu wakapanda juu ya miti na mapaa ya nyumba kungoja kuokolewa. Uwanja wa ndege wa Beira ulipofunguliwa tena ukawa makao ya waokoaji. Helikopta za jeshi la Afrika ya Kusini ziliwatoa watu majini. Meli za kivita za India zilileta maji, chakula na madaktari. Tanzania ilipeleka dawa na chakula. Hata hivyo, katika Msumbiji peke yake watu zaidi ya 600 walikufa, mbali na mamia waliokufa Zimbabwe na Malawi.

Liko jambo moja ambalo kila mtu wa pwani atalielewa. Usiku ule mwezi ulikuwa nusu, wakati wa maji mafu, ambapo bahari haijai sana. Kimbunga kiliisukuma bahari juu ya nchi, lakini kiliikuta katika siku zake za unyonge. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 21, siku 6 baadaye. Lau Idai angaliingia siku hiyo saa ya maji kujaa, bahari ingaliongezewa mita kadhaa juu ya zile ilizokuja nazo. Beira iliumia sana, na bado ilinusurika.

Ugonjwa ulikuja nyuma ya maji. Tarehe 27 Machi kipindupindu kilithibitishwa, na kuanzia tarehe 3 Aprili watu zaidi ya 800,000 walipewa chanjo katika muda wa siku chache. Wagonjwa walipita 6,000, lakini waliokufa hawakutimia 10. Hesabu hiyo inaonyesha faida ya maji safi, chanjo na kuwahi hospitali.

Mifereji, mikoko na wavuvi

Beira haikukaa ikilia tu. Daviz Simango, mhandisi aliyekuwa meya tangu mwaka 2003 hadi alipofariki Februari 2021, aliyafanya maji kuwa kazi ya kwanza ya mji. Mto mdogo wa Chiveve, uliokuwa umezibwa na takataka katikati ya mji, ulizibuliwa kwa msaada wa Ujerumani, mikoko ikapandwa kando yake, na mahali hapo pakawa bustani ya wananchi. Mifereji mikubwa ilichimbwa upya kwa fedha za Benki ya Dunia. Waholanzi, ambao kwao pia sehemu kubwa ya nchi iko chini ya bahari, walisaidia kutunga mpango wa mji hadi mwaka 2035. Kimbunga Eloise kilipopiga karibu na Beira Januari 2021, mji ulikuwa umekwisha jifunza kuhamisha watu mapema.

Lakini liko swali ambalo mhandisi peke yake hawezi kulijibu, nalo ni la wavuvi wa Praia Nova. Nyumba zao zilikuwa juu ya mchanga mtupu, na Idai alizifagia. Baadhi ya familia zilipewa viwanja Mutua, katika wilaya ya Dondo, ambako ardhi ni ya juu na mawimbi hayafiki. Huko bahari haifiki, na samaki hawafiki. Mwanamume hawezi kuvua katika shamba la mihogo, wala mwanamke aliyezoea kuuza dagaa hana cha kupeleka sokoni. Baadhi yao wamerudi pwani, na si kwa ujinga: wamepima hatari ya kimbunga cha siku moja na hatari ya njaa ya kila siku. Anayetaka kuwahamisha kwa salama hana budi kuhamisha na riziki yao.

Pwani ya Waswahili nayo haina kinga. Kimbunga kilipiga Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Yafaa basi kila nyumba ya bondeni ijifunze kutoka Beira: vyeti na hati vifungwe katika mfuko wa nailoni na kuwekwa pa juu, redio iwe na betri, kila mtoto ajue njia ya kwenda shule au jengo imara lililo karibu, maji ya kunywa yachemshwe mara mafuriko yanapoingia, mkoko usikatwe kwa kuni, wala takataka zisitupwe mferejini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Beira wanaziba ufa huku wakijenga ukuta, nao bado wanauangalia mwezi.