Kule Chini, Karibu na Injini

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, safari yetu ya Nansio, kisiwani Ukerewe, ilianza kwa mbio. Meli ilipofungua mlango wake pale bandari ya Mwanza Kaskazini, mama alitutanguliza mimi na kaka yangu tukamkamatie nafasi daraja la tatu, kule chini karibu na injini. Huko kulikuwa na joto la kulalia, na ziwa likichafuka hutikiswi kama walio juu. Tulijilaza juu ya mizigo, kati ya harufu ya dizeli na ya dagaa, na kwa saa tatu na zaidi tukasafiri bila kuliona ziwa. Tulilisikia tu, likigonga bati pembeni ya masikio yetu. Jiwe la Bismarck, ambalo kila mgeni wa Mwanza hulipiga picha, mimi nililiona vizuri nikiwa mkubwa.

Bibi alikuwa akitusubiri Nansio na machungwa kwenye kanga. Machungwa ya Ukerewe siyafananishi na ya kwingine.

Hiki ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na bado mgeni akitua Mwanza hupandishwa gari kwenda Serengeti. Akipelekwa majini, ni Saanane, dakika chache kutoka mjini, au Rubondo kwenye sokwe. Ukerewe wanaipita. Wanakipita kilima cha Handebezyo, na wanapita nyumbani kwa Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akaitafsiri mwenyewe, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Inaniuma kila nikikumbuka kwamba mzee yule alisubiri miaka thelathini na mitano.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Mamia walikufa, na wengi wamezikwa Igoma. Sisi hatukuwa na ndugu ndani yake, lakini mtaani kwetu kulikuwa na misiba zaidi ya mmoja, na mama alitoka msiba huu akaingia ule hadi sauti ikamkauka.

Desemba ile tulikwenda kwa bibi kama kawaida. Mlango ulipofunguliwa, kaka akachomoka. Mama akamwita kwa jina lake lote. "Leo tunakaa juu," alisema. Tukapanda, akachagua benchi la pembeni chini ya maboya, akavua viatu na kuviweka kwenye mkoba. Mvua ilitukuta njiani ikatulowesha wote watatu. Hakuinuka. Tangu siku hiyo hakuna aliyetutuma tena kukimbilia chini, wala hatukuuliza sababu.

Kisha ikaja Septemba 20, 2018. MV Nyerere, kivuko cha kubeba watu 101, kilitoka Bugolora siku ya mnada kikiwa na zaidi ya mara mbili ya hao, kikapinduka mita chache kabla ya gati la kisiwa jirani cha Ukara. Watu zaidi ya 220 wakafa huku nchi kavu wakiiona kwa macho. Kwa mkazi wa Ukara kivuko ndiyo barabara yake: ya hospitali, ya sokoni, ya shuleni. Hawezi kusema ataahirisha safari.

Mama aliacha meli. Akawa anazunguka na basi kupitia Bunda hadi Kisorya, akavuka pale padogo kwenda Rugezi. Maji ni machache, lakini siku nzima inaishia barabarani, na anafika Nansio hajaongea na mtu. Kwenye meli alikuwa akifika ameshajua nani kaoa, nani kaugua, nani kauza shamba.

Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu Nansio kwa MV Butiama, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Nilikaa juu, upande wa nje. Nikahesabu maboya. Nikavua viatu.

Tulipoliacha Jiwe la Bismarck nyuma, upepo ukazidi, mtoto akaanza kutetemeka.

"Baba, twende chini, kuna joto."

Nilimwangalia kwa muda. Kisha nikavibeba viatu mkononi, tukashuka. Alilala kabla sijakaa sawasawa, sikio lake ameliegemeza kwenye bati, na maji yakawa yanagonga upande wa pili.