Shokesi ya Mama

Nyumba niliyokulia Ubungo Kisiwani, miaka ya tisini, ilikuwa na sebule ya wageni. Makochi ya mninga yamevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, katikati meza fupi ya mkongo iliyopigwa vanishi ikang'aa, na ukutani shokesi. Shokesi ilikuwa na heshima yake. Juu vioo vya kuteleza, ndani glasi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea, sahani za maua na seti ya chai kutoka Uchina. Chini milango miwili ya mbao, ufunguo anao mama. Sisi watoto tulipita sebuleni tukielekea uwani. Kukaa kwenye kochi na yunifomu ya shule kulikuwa ni kutafuta bakora.

Kazi za shule tulifanyia koridoni, juu ya mkeka, tumelala kifudifudi, huku wapangaji wengine wakituruka na ndoo zao za maji. Na kabla ya hapo, kwenye darasa la vidudu, tulisomea ofisi ya tawi la Chama. Mabenchi yake yalikuwa ya wajumbe, yaani ya watu wazima. Ukikaa, miguu inaning'inia na daftari halina pa kuwekwa. Basi tukapiga magoti sakafuni na benchi likawa meza. Hakuna mwalimu aliyetuelekeza, wala hakuna aliyetukataza. Nimekuja kulifikiria benchi lile ukubwani zaidi ya nilivyofikiria mambo mengi niliyofundishwa mle ndani, maana hata herufi zenyewe sikumbuki nilizijulia wapi, ila simenti ya baridi kwenye magoti naikumbuka.

Nilipoolewa, mama alijinunulia shokesi mpya, ile ya zamani akanipa mimi pamoja na meza ya mkongo. Tukaziingiza kwa taabu kwenye chumba na sebule tulichopanga Msewe, mlango ukabidi ung'olewe. Nami nikazipanga glasi vilevile alivyozipanga yeye.

Msewe nilifungua steshenari ndogo, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko jirani na wanafunzi hawaishi kutoa kopi. Kazi hiyo ina siri moja: mtu anayetoa kopi husoma kila kitu. Mwaka 2016 nilisoma sana. Januari ya mwaka ule ndipo elimu bila ada ilipoanza, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilishasema mwaka mmoja wa elimu ya awali ni wa lazima kwa kila mtoto. Shule za huku zikafurika. Magazeti yakawa ni madawati tu: Rais Magufuli amewapa wakuu wa mikoa mpaka mwisho wa Juni, Bunge limetoa shilingi bilioni 6 lilizookoa kwa kubana matumizi, kampuni fulani imekabidhi madawati mangapi. Dawati likawa ndilo kipimo cha shule.

Wakati huohuo walimu wa awali waliokuja kwangu walikuwa wakileta karatasi zinazosema jambo jingine kabisa. Ulikuwa mtaala mpya wa elimu ya awali, wa mwaka huohuo wa 2016, na ndani yake kulikuwa na kona za ujifunzaji: kona ya vitabu, kona ya hisabati, ya sayansi, ya duka, ya mapishi. Mtoto asikae sehemu moja akitazama ubao. Azunguke, ashike vitu, arudishe. Mwalimu mmoja aliyekuwa akisubiri karatasi zake alicheka akasema, "Dada, mimi nina watoto zaidi ya mia. Kona nitaiweka wapi, kwenye dari?" Alikuwa na haki ya kucheka. Lakini mimi niliwaza kwamba nyumba zetu zina kona, na watoto nyumbani ni wawili watatu, si mia.

Kuwaza na kufanya ni vitu viwili. Shokesi iliendelea kukaa na glasi zake.

Machi 17, 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Waziri Mkuu alitangaza shule zifungwe. Kesho yake vikafungwa na vyuo vikuu, na steshenari yangu ikakosa watu. Binti yangu alikuwa ameanza awali Januari ile, yaani ndiyo kwanza amezoea kushika penseli. Tukawa tumebaki naye nyumbani, mdogo wake anatambaa, televisheni inawaka. Ninashukuru ile katuni ya Akili and Me, inayotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, ya kitoto cha miaka minne kinachoishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Ilimfanya ahesabu kwa sauti bila kuambiwa. Tatizo lilikuwa kuandika. Alikaa kwenye kochi, daftari juu ya mapaja, mgongo umepinda, na mistari yote ikapanda juu kulia.

Mume wangu akataka tukanunue meza ya mtoto. Fundi seremala tuliyemwendea, ana karakana yake pembeni ya barabara ya kwenda Makuburi, akauliza kwanza nyumbani tuna nini. Akaja na utepe. Akapima meza ya mkongo: sentimita 45. Akampima mtoto, akamkalisha juu ya ndoo tupu ya rangi ya lita 10 aliyoikuta mlangoni, akamsogeza mezani. Miguu ikafika sakafuni, viwiko vikalala juu ya meza. "Mama, meza unayo siku zote," akasema. "Mnawekea rimoti." Baadaye nilikuja kuona vipimo vya Ulaya vya samani za shule: mtoto mwenye kimo cha kati ya sentimita 93 na 116 hupewa kiti cha sentimita 26 na meza ya sentimita 46. Fundi wetu hakuwa amevisoma popote.

Kwa hiyo hatukununua meza. Ndoo mbili zikawekewa mito ya sponji iliyoshonewa kitenge. Meza ikahamia karibu na mlango, kwa sababu dirisha letu linatazamana na ukuta wa jirani na mwanga wa maana unatoka mlangoni, pamoja na upepo. Mwezi Machi sebule ya Dar haikaliki bila upepo.

Kilichobaki ni mahali pa kuweka vitu, na hapo ndipo fundi alipoitazama shokesi. Shokesi nyingi za zamani ni vipande viwili vilivyopandishwa: kabati chini, rafu zenye vioo vya kuteleza juu. Akafungua skrubu, akashusha kile cha juu, akavitoa vioo vyote, akakilaza ubavu sakafuni. Kikawa rafu ndefu isiyomzidi mtoto kifua. Zile mbao za kugawanya zikawa kuta za vyumba vidogo. Akazipiga msasa kona zake zote, na pande zote mbili akakifunga ukutani kwa vibati na skrubu, akisisitiza kwamba mtoto anayetambaa leo kesho atapanda, na rafu isiyofungwa itamwangukia. Hilo la ukuta lilitutia kwenye majadiliano marefu na mama mwenye nyumba. Alikubali kwa sharti kwamba tukihama tuzibe matundu.

Tukaanza kupanga. Vizibo vya soda kwenye kopo. Sinia la bati lenye mchanga mkavu wa kuandikia herufi kwa kidole. Vitabu vya hadithi vikiwa vimesimama, majalada yake yakitazama nje, kwa kuwa mtoto asiyejua kusoma huchagua kitabu kwa picha. Kopi zilizoharibika dukani, upande wake mweupe ukawa wa kuchorea. Kila chumba cha rafu kitu kimoja tu, vingine tumevificha, tunavibadilisha wiki kwa wiki. Vitu vidogo kama vizibo na maharage vilikaa mbali na yule anayetambaa.

Wazo la kuweka vichache sikulibuni mimi. Miaka michache kabla, mwanafunzi mmoja wa ualimu aliniletea tasnifu niibaindi, nami nikaisoma, na humo ndimo nilimolikuta. Ilimhusu Maria Montessori, daktari wa Italia, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Januari 6, 1907, mtaa wa San Lorenzo, Roma. Nyumba ile ilikuwa ndani ya majengo ya wapangaji maskini ambao mchana wote wako kazini. Akatengenezesha meza na viti vyepesi ambavyo mtoto mwenyewe aweza kuvibeba, na alilaumu vikali madawati ya zamani yanayomfunga mtoto mahali pamoja. Wapangaji, watoto walioachwa koridoni, samani nyepesi: nilisoma nikaiona Kisiwani. Leo ukipita barabara za Goba na Mbezi utaliona jina hilo kwenye vibao vya shule ambazo ada yao ya muhula inazidi kodi yangu ya nyumba. Sina ugomvi nazo. Ila sijaelewa jambo lililoanzia kwa wapangaji lilivyopanda bei namna hiyo.

Mama alikuja kututembelea Mei. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa ukutani. Alizunguka ile rafu kimyakimya, akauliza glasi ziko wapi. Nikamwonyesha boksi juu ya kabati la nguo. "Sasa mwanangu, mgeni akija atakaa kwenye ndoo?" Sikuwa na jibu la haraka. Mjukuu ndiye aliyemvuta mkono, akamkalisha kwenye ndoo, akamletea sinia la mchanga. Mama hakumaliza darasa la nne. Aliandika jina lake, akalifuta, akaliandika tena kwa herufi kubwa. Hakuwahi kuniambia kama amenisamehe kuhusu shokesi, ila glasi alizichukua akaondoka nazo.

Shule zilifunguliwa Juni 29. Watoto wa majirani waliokuwa wameshazoea kuja hawakuacha kuja. Jioni sebule yangu ilijaa mabegi, na wageni wazima tukawa tunawapokea kibarazani. Mama zao wakaanza kumwulizia fundi. Mwanzoni aliwafanyia kama alivyotufanyia sisi, kubadili walichonacho: kitanda cha mtoto kilichotolewa ubavu mmoja kikawa benchi, stuli zile za kuingiziana zikawa meza ya kila mtoto kimo chake. Februari 2021 mabasi ya mikoani yakahama Ubungo yakaenda kituo kipya cha Mbezi Luis, na wafanyabiashara wengi waliotegemea abiria wa Ubungo wakavunja vibanda. Fundi alinunua rafu na kaunta zao kwa bei ya kutupa. Mbao hizo zilikwisha kukauka miaka, hazipindi, akatoa humo rafu za watoto nyingi tu. Zilipokwisha akahamia kwenye paina.

Binti yangu sasa magoti yanagonga meza ya mkongo, anasomea juu ya kaunta ya jikoni; ndoo amerithi mdogo wake. Mwezi uliopita nilimpeleka jirani mmoja karakanani, anahitaji rafu ya mtoto wa miaka mitatu. Nikakuta ukutani fundi ameandika kwa chaki bei za vitu vyake, na mojawapo ni RAFU YA MONTESORI. Nikamwuliza na ile ya kawaida, niliyotengenezewa mimi, bei gani.

"Ni hiyohiyo, mama," akasema. "Ya jina naongeza elfu kumi."