Shamba Lisilotaka Kuonekana

Sisi walimu wa dini tunajua njia nyingi. Ili kufika katika vikanisa vya milimani, hapa Kivu, tunapita vijia ambavyo motokari haiwezi kupita hata kidogo. Tunavuka vijito, tunapanda vilima, tunafuata ukingo wa msitu wa Virunga. Kwa hiyo tunaona mambo ambayo watu wa barabarani hawayaoni. Moja la mambo hayo ni mashamba ya bangi.

Ndugu wasomaji, je, mmekwisha kujiuliza namna mtu anavyochagua mahali pa shamba kama hilo? Mkulima, akitafuta shamba, hutazama udongo kwanza. Huushika mkononi, huwauliza wazee: Je, hapa maharagwe yalizaa? Hupenda mahali palipo karibu na nyumba, ili mkewe asichoke kwa kubeba mzigo, na jirani amfukuzie nyani siku ya ugonjwa. Lakini anayetafuta mahali pa bangi huwaza watu kwanza. Nani anapita hapa, na siku gani? Wanawake wanaokota kuni upande gani? Wachungaji wanapitisha ng'ombe saa ngapi? Anawachunguza ndugu zake kama vile mwindaji anavyochunguza nyayo za mnyama. Kabla hajapanda mbegu hata moja, amekwisha kuwahesabu jirani zake wote kuwa adui.

Hilo ndilo neno tunalotaka kuwaambia. Ubaya wa shamba hili haungojei moshi. Unaanza siku ile ya kutafuta maficho.

Wengine watatujibu: "Mbona wazee wa zamani waliivuta waziwazi?" Ni kweli. Wajerumani Pogge na Wissmann walipofika Kasai kwa chifu Kalamba Mukenge, mwaka 1881, walikuta watu wake wakijiita Bena Riamba, maana yake watu wa bangi. Waliivuta pamoja, mbele ya wote, iwe alama ya urafiki. Na mwenye kosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka azimie. Hatusifu desturi ile. Kumvutisha mtu mpaka azimie si hukumu ya haki. Serikali ya mfalme Leopold II ilikataza bangi mwaka 1903, na tangu hapo wenye kuilima wakatafuta maficho.

Wengine watasema: "Siku hizi nchi nyingine zinaruhusu." Hilo nalo ni kweli. Lesotho ilitoa ruhusa ya kuilima kwa ajili ya dawa mwaka 2017, na jirani zetu wa Rwanda mwaka 2021. Lakini mashamba yale yana kibali na yana ulinzi, na mavuno yake yanaandikwa. Hayo si mashamba ya gizani. Na katika Kongo yetu sheria ingali inakataza.

Hatusemi haya ili kuwahukumu maskini. Tunajua taabu ya milimani. Mtu anabeba viazi siku nzima katika matope, na akifika sokoni nusu imekwisha kuoza. Bangi ni nyepesi, haiozi upesi, na mnunuzi anaifuata mwenyewe. Lakini tutazame na bei yake nyingine.

Kwanza, msitu. Bangi inataka jua na maji. Anayeificha msituni hukata miti, na mara nyingi karibu na kijito ambacho watu wa chini wanakinywa. Hifadhi ya Virunga iliwekwa mwaka 1925, kabla ya nyingine nyingi za Afrika, na tangu mwaka 1994 UNESCO imeiandika kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kila shamba la siri linaiongezea jeraha.

Pili, watoto. Shamba la mbali linataka mlinzi, na mlinzi wa bei ndogo ni mtoto. Anaacha masomo, analala porini, na halafu anaonja kile anachokilinda. Waganga wanatuambia kwamba bangi inawadhuru zaidi wale wanaoianza wakingali vijana, kwa sababu ubongo wao haujakomaa.

Tatu, mahali pa siri hapana mwamuzi. Mavuno yakiibwa, utamshitaki nani, na kwa chifu gani? Hapo panga ndilo linaloamua. Na watu wenye bunduki wakija kudai kodi, utamwita nani? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekwisha kuandika kwamba vikundi vya silaha vya Kivu vinapata fedha katika biashara ya bangi.

Siku moja kijana mmoja, baba wa watoto wawili, alitujia na kutuuliza: "Mwalimu, ninyi mnazunguka sana. Ng'ambo ya kijito kile, kuna bonde ambalo watu hawalipiti?"

Tukamwuliza: "Ndugu, unataka kupanda nini ambacho jirani yako asikione?"

Akanyamaza. Halafu akasema mdogo wake amerudishwa kutoka sekondari kwa sababu ya minervali.

Hatukumwonyesha bonde, wala hatukukimbilia polisi. Tulimpeleka kwa wazee wa jumuiya. Mjane mmoja alikuwa na shamba kando ya njia, limelala bila kulimwa. Wakapatana kugawana mavuno. Akapanda maharagwe. Mavuno ya kwanza yalilipa muhula mmoja, hayakutosha wa pili. Akatuambia: "Bangi ingalilipa yote." Hatukumbishia, labda ingalilipa. Lakini mvua kubwa ilipobomoa matuta yake, watu saba walikuja na majembe bila kuitwa, kwa kuwa waliliona shamba wakipita. Je, nani angalikuja bondeni?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaposema juu ya madawa ya kulevya, hailaumu kuyatumia tu. Inalaumu pia kuyatengeneza kwa siri na kuyauza, kwa sababu yanaharibu wengine. Sisi tunaotembea milimani tunaelewa sababu ya neno hilo "kwa siri".

Basi, ndugu, kama katika kijiji chenu yupo kijana anayeulizia njia zisizopitwa na watu, msingoje mpaka amezipata. Mwulizeni deni lake ni nini. Halafu tazameni pamoja: nani kati yenu ana shamba lililolala, karibu na njia?