Mficha Maradhi



Sisi ni wanawake wa nyumba moja ya Bondeni, Nakuru. Wazee wetu walipanda bara kutoka Mombasa, wakaiacha bahari, wakaja kuishi chini ya mlima Menengai. Lakini hawakuziacha leso zao, mahamri yao wala haya yao. Katika hayo matatu, hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza wiki hii, kwa kuwa lilitugharimu mtu.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2016. Mama Mkubwa, ambaye kila mwaka ndiye aliyetukandia unga wa chapati za futari, alisema mkono unamuuma, tukande sisi. Tukacheka, tukamwambia uzee umebisha hodi. Siku moja katika kumi la mwisho alishindwa kuinua mkono kuchukua sufuria rafuni. Binti yake alipomsaidia kubadili nguo, aliona titi la kushoto limevutika ndani na ngozi yake imekuwa kama ganda la chungwa. Kinundu kilikuwapo tangu Idi kubwa ya mwaka uliotangulia. Miezi tisa alikibeba chini ya buibui, akituandalia chakula, akitulelea watoto, asiseme neno.

Tulipomuuliza kwa nini hakutuambia, alijibu, "Ningemwonyesha nani, wanangu?"

Hatukuwa na jibu. Katika nyumba yetu tulikuwa tukizungumza kila kitu: bei ya unga, posa, mirathi, hata siasa. Titi hatukulitaja ila kwa mama anayenyonyesha. Alikuwa amesikia, kama tulivyosikia sote, kwamba uvimbe huo hutokana na kuweka pesa au simu kifuani, na kwamba kisu kikiugusa husambaa. Basi akafunga mdomo, akapaka mafuta ya habasoda, akaomba dua.

Wakati ule hospitali ya umma iliyotoa tiba ya mionzi nchini ilikuwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta pekee, iliyoko Nairobi, mwendo wa kilomita kama 160 kutoka kwetu. Tulikwenda na kurudi mara nyingi, lakini maradhi yalikwisha ingia mifupani. Ramadhani iliyofuata hakuiona. Matangani watu waliisifu subira yake, nasi tukaitikia. Ila mioyoni tulijua kwamba sehemu ya kile kilichoitwa subira kilikuwa ni upweke tuliomwachia sisi wenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya waliomzunguka mgonjwa wasimuulize.

Ndugu zetu, saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya mwaka 2022 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 7,000 kwa mwaka mmoja, na wengi wao hufika hospitalini wamechelewa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanaougua hawana sababu nyingine inayojulikana isipokuwa kuwa wanawake na kupita umri wa miaka 40. Si uchawi, si laana, wala si noti iliyowekwa kifuani. Wanaume nao huipata, ingawa ni wachache sana.

Zipo njia za kupunguza hatari: kunyonyesha watoto, kuushughulisha mwili, kutoacha unene uzidi, na kujiepusha na tumbaku na ulevi. Hata hivyo, anayeyafanya yote hayo anaweza kuugua. Ndiyo maana kujichunguza na kupimwa ni wajibu wa kila mmoja wetu, hata aliye mzima.

Kila mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha, mwanamke ajitazame mbele ya kioo, kisha ajipapase kwa vidole, titi zima hadi kwapani. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi aishike. Atafute kinundu kipya, ngozi iliyobonyea au kukunjamana, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, na tezi iliyovimba kwapani. Asingoje maumivu, maana mara nyingi uvimbe huu hauumi mwanzoni. Kujipapasa hakutoshi peke yake: mwongozo wa taifa unamtaka mwanamke wa miaka 40 hadi 55 apigwe picha ya mamografia kila mwaka, na wa miaka 56 hadi 74 kila baada ya miaka miwili. Ambaye mama yake au dada yake aliugua amwone daktari mapema zaidi.

Mwaka jana mdogo wetu alihisi kinundu. Alituambia usiku ule ule, tukiwa tunaosha vyombo. Asubuhi tulifuatana naye. Tuliomba ahudumiwe na daktari wa kike, tukampata. Na kama tusingempata, wanazuoni wametufundisha kwamba dharura ya tiba ina ruhusa yake. Alipigwa picha ya ultrasaundi, kisha wakachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano. Siku za kungoja majibu zilikuwa nzito. Majibu yalipokuja, haikuwa saratani, na vinundu vingi huwa hivyo. Tulilia kwa furaha, na tulilia pia kwa kumkumbuka aliyengoja miezi tisa.

Leo hospitali kuu ya rufaa ya Nakuru ina kituo chake cha saratani, na mionzi hutolewa papa hapa. Mama wa Molo, wa Njoro au wa Subukia halazimiki tena kwenda Nairobi kwa kila jambo. Lakini mashine haimfuati mtu nyumbani. Tunawafikiria dada zetu wanaofungasha maua Naivasha, ambao siku moja ya kliniki ni siku moja bila ujira, wao wanahitaji mume atakayesema, "Nenda, mimi nitabaki na watoto." Nanyi akina baba, jiandikisheni SHA pamoja na watu wa nyumbani mwenu kabla maradhi hayajabisha.

Haya ni pambo la Muislamu, na stara ni haki yake. Lakini stara ni kumfunika mtu asidhalilike. Kuuficha ugonjwa mpaka umwangamize ni jambo jingine kabisa. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa. Siku hizi kila mwisho wa mwezi, baada ya Isha, mmoja wetu huwauliza wengine, "Mmejitazama?" Ni neno moja tu. Lau tungemuuliza Mama Mkubwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu, awaponye wagonjwa wetu, na atufungue ndimi. Amin.