Vidole Viwili Vilitosha

Nilivunjika mkono wa kushoto Machi 2011, masika yamechanganya, kwenye kona za kuteremka kutoka Langali. Bodaboda iliteleza kwenye tope. Mimi nikaangukia mkono, gunia la kabichi likaniangukia mimi. Kidole cha pete na kidogo havijakunjika tena hadi leo. Mpiga gitaa la solo ukipewa habari hiyo, umeambiwa urudi nyumbani.

Wodini wenzangu walinifariji kwa historia ya wanamuziki wa mji wetu, Morogoro. Salum Abdallah wa Cuban Marimba: gari, 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kisha akaanzisha Super Volcano mwaka 1973: gari tena, huko Kenya, Januari 1979, ana miaka 34 tu. "Wewe barabara imekuchukulia vidole," mzee wa kitanda cha pili akasema. "Wenzako iliwabeba wazima." Sikufarijika. Wale waliacha santuri, na redio zinawapiga mpaka leo. Mimi, miaka kumi ya kupiga kwenye mabaa, sikuwa na hata wimbo mmoja wa kumwachia mtu. Tulishawahi kurekodi sita, tukalipa kabisa. Kompyuta ya bwana aliyeturekodi ikafa nazo. Nakala hakuweka, na pesa hakurudisha.

Gitaa nililiuza kwa deni la matibabu. Mke wangu akawa anapika vitumbua, mimi naosha vyombo kwa mkono mmoja na kununa kwa yote miwili.

Aliyeniinua ni jirani yetu wa Mafisa, mzee wa Kigogo aliyekuja zamani kukata mkonge. Jioni alikaa kibarazani na zeze lake: kibuyu, ngozi ya mbuzi, waya mmoja wa breki ya baiskeli, na upinde wa nyuzi za mkonge. Siku moja akanisukumia.

"Babu, vidole vyangu si unavijua?"

"Waya ni mmoja, mwanangu. Unataka vidole vingapi?"

Miezi ya kwanza nilikuwa natoa mlio wa bawaba kavu. Gitaa lina vyuma shingoni vinavyokuonyesha sauti ilipo; zeze halina, unaisaka kwa sikio, na ukikosea kwa upana wa punje ya mchele mtaa mzima unajua. Na usipoupaka upinde ulimbo unateleza tu, kimya, kama unafuta vumbi.

Mwaka 2014 nikaingia kurekodi, chumba kimoja Chamwino, kuta zimebandikwa trei za mayai, mlangoni godoro. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameshuka Uluguru, ngozi ikalegea chepechepe. Tukaazima jiko la mkaa kwa mama ntilie. Kila baada ya wimbo nalikausha zeze, napiga haraka kabla halijalegea tena. Kijana wa mitambo akataka kuusafisha mkwaruzo wa upinde. Nikamwambia ukiutoa huo umetoa zeze lenyewe. Tulibishana mpaka mkaa ukafifia, akauacha. Wimbo wa tatu una jogoo. Naye tulimwacha, maana ngozi isingekubali kurudia.

Kabla sijalipa nilidai flashi nne, nyimbo zote ndani ya kila moja. Kijana alicheka, lakini alizijaza. Moja nilimpelekea babu. Hana kompyuta wala redio ya kuichomekea. Aliifunga kwa uzi wa mkonge kwenye shingo ya zeze lake.