KUTEMBEA INCHI YETU NA MASHINE YA PICHA



Mara nyingi wadogo wetu wa darasa la kwanza na la pili wananiuliza: "Kapita, mutu mwenye kupenda picha anaweza kutembea inchi hii namna gani?" Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua kama jambo hili liko ndani ya damu yangu. Tena wengi kati yao wako na simu yenye kupiga picha nzuri kuliko mashine nyingi za zamani. Sasa likizo kubwa inakaribia, na sisi wa darasa la sita tukimaliza mtihani wa Serikali tutatawanyika. Nimeona ni vema nijibu wote mara moja katika gazeti letu.

Mutanisamehe kama hamuoni picha hata moja hapa. Munaijua mashine yetu ya kurudufu: ukiipa sura ya mutu, inakurudishia doa jeusi. Basi tutatumia maneno.

Inchi yetu ni kubwa, inapita kilometa za mraba 2,300,000. Hakuna mutu atakayeimaliza. Kwa hiyo swali la kwanza si "Nitaenda wapi?" Swali la kwanza ni "Nitaenda na nini?" Maana chombo unachopanda kinachagua picha zako mbele wewe mwenyewe haujachagua.

Mwenye feza atapanda ndege. Toka juu ataona pori limelala kama mukeka na mito inazungukazunguka ndani yake. Ni vizuri kuona vile mara moja. Lakini watu wote wanaoishi kati ya uwanja na uwanja hawatakuwa katika picha zake. Na ule uwanja wenyewe asiupige, maana inchini kwetu uwanja wa ndege, daraja kubwa, kambi ya askari na mpaka ni vitu visivyopigwa picha ovyo. Wengi walinyanganywa mashine sababu ya daraja, na wengine walilala kwenye kachoti.

Wa pili atapanda lori, lile tunaloita fuso, juu ya magunia ya mihogo. Huko hakuna picha wakati wa kutembea, maana mikono yote miwili inashika kamba, na vumbi linaingia mpaka katika meno. Funga mashine yako ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Lakini lori la kwetu halikosi kuharibika. Hapo ndipo kazi yako inaanza: boi-shofere yuko chini ya gari, wamama wanawasha moto, watoto wa kijiji cha karibu wanaleta ndizi na karanga. Mutu asiyependa picha analia sababu ya saa sita zilizopotea. Wewe uzihesabu kuwa faida.

Wa tatu atapanda masua. Kati ya Kinshasa na Kisangani mto unapitika kwa zaidi ya kilometa 1,700, na safari inaweza kumaliza majuma mengi. Juu ya masua ni kama soko na kijiji pamoja. Watu wanapika, wananyoa, wanagombana, wanapatana. Wenye mitumbwi wanatoka kando ya mto, wanashikamana na masua kwa nguvu, wanauzisha samaki na kununua sabuni na chumvi. Siku ya kwanza kila mutu anaangalia mashine yako. Siku ya tatu wamekuzoea, wanaanza kuishi mbele yako bila kujipanga. Ndipo upige. Lakini kumbuka uhai wako ni mbele ya picha. Tarehe 3 Oktoba 2024 masua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa kufika Goma, na watu makumi walikufa. Masua ikijaa kupita kiasi, uiache iende. Picha ya kesho ni bora.

Wa nne atapanda treni. Reli ya Lubumbashi inapanda kaskazini mpaka Kabalo, na toka huko njia moja inaenda Kalemie kwenye ziwa Tanganyika, nyingine Kindu. Mbali zaidi iko reli ya Ubundu mpaka Kisangani, kilometa 125. Ilijengwa kwa sababu maporomoko saba ya Boyoma yanazuia masua. Ukijua neno hilo, hautapiga treni kama treni tu. Utatafuta namna ya kuonyesha maji na chuma vinavyopokezana muzigo. Treni yetu inachelewa, pengine siku nyingi, lakini kila kituo ni soko. Na ukifika Kisangani utawaona Wagenia na miti yao mikubwa iliyosimamishwa katika maji yenye nguvu, na mitego ya kusuka inaning'inia. Watakuomba kitu kabla ya picha. Usinune. Wageni wangapi wamekwenda na sura zao bila kuwaachia chochote?

Wa tano, kinga na miguu. Wengine watacheka. Lakini mimi nasema kama hii ndiyo njia bora kwa mutu wa picha. Juu ya kinga unaweza kusimama po pote. Unasalimia, unaulizwa unatoka kwa nani, unapewa maji. Wakati umejibu maswali hayo yote, haujakuwa mugeni sana tena. Tena mwanga unakungojea. Huku kwetu karibu na katikati ya dunia jua linapanda mbio na kushuka mbio. Toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili mwanga ni mulaini; vilevile toka saa kumi mpaka jua kuzama. Katikati ya siku jua linatia macho ya watu ndani ya mashimo. Saa hizo umuweke mutu kivulini, chini ya muembe au kwenye baraza, uso wake uangalie mahali kuna mwanga. Sisi watu weusi mashine inatudanganya haraka: mutu akivaa shati jeupe, mashine inaangalia shati na kusahau uso. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ili mashine ipime pale.

Lakini hata fotografa mwenye kupenda kutembea ajue kama picha kubwa zingine zilipigwa na mutu aliyekaa. Mwaka 1898 mama mumoja Mwingereza, Alice Seeley Harris, alifika Kongo pamoja na mume wake kwa kazi ya misioni. Tarehe 14 Mei 1904, kule Baringa, baba mumoja jina lake Nsala alifika kwenye misioni akibeba mukono na muguu wa mutoto wake Boali. Ni vyote alivyobaki navyo, maana walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wameua watu wake. Mama Harris alimpiga picha, Nsala amekaa kwenye baraza, anaangalia chini, mbele ya viungo vile vidogo. Hakuna damu nyingi pale, hakuna kelele. Picha hiyo na zingine zilionyeshwa kwa taa, juu ya kitambaa, mbele ya watu wengi katika Uingereza na Marekani. Zilisaidia kuamsha hasira ya mataifa, hata mwaka 1908 inchi ikatoka katika mikono ya mufalme Leopold. Mutu mwenye kupita mbio katika ndege asingeipata ile picha. Nsala alikuja mwenyewe kwa mutu aliyejulikana pale.

Yuko vilevile Jean Depara. Alizaliwa Angola mwaka 1928, akakaa Kinshasa mpaka kufa kwake mwaka 1997. Alitengeneza vinga na mashine za picha, na usiku alipiga wanamuziki na vijana wenye kuvaa vizuri katika mabaa. Walimu wetu watanisamehe kutaja mabaa. Nataka kusema tu kama yeye alitembea mji mumoja, na kwa njia hiyo tunaona leo namna wazee wetu walivyokuwa vijana.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si muchezo kwangu.

Nyanya yangu aliishi Goma. Tarehe 17 Januari 2002 mulima Nyiragongo ulipasuka, moto ukashuka ndani ya mji mpaka ziwani. Nyumba ya nyanya ilimalizika, pamoja na sanduku lenye picha zote. Babu alikuwa amekwisha kufa, na mimi nilizaliwa nyuma. Nilikua bila kujua sura yake. Watu walisema, "Unafanana naye," lakini hakuna mutu aliyeweza kunionyesha.

Katika likizo ya 2023 tulipanda masua toka Goma, tukaenda Idjwi kusalimia dada mudogo wa babu. Jioni mama muzee yule alitoa kopo la biskuti. Ndani mulikuwa picha moja, nyeusi na nyeupe, pembe moja imeliwa na mende. Babu alikuwa amesimama kati ya dada zake, shati mikono mirefu, kalamu katika mufuko. Niliuliza nani aliipiga. Mama alisema: "Fotografa moja wa kinga. Alikuwa anakuja siku ya soko, tunamupa feza nusu, anaenda kuosha picha ng'ambo. Wengine walikula feza zetu, hawakurudia. Yeye alirudia."

Hilo neno halijanitoka katika kichwa. Jina la fotografa yule hakuna mutu anayelikumbuka. Pengine alikuwa na mashine mubaya. Pengine picha zake zingine hazikuwa nzuri. Lakini alirudia, na kwa sababu hiyo familia yetu iko na babu. Kama angebaki na picha kwake, au kama angeitoa moja tu kwa ajili ya nyumba ya Goma, yote yangekuwa chini ya mawe meusi.

Asubuhi niliiweka picha karibu na mulango, penye mwanga, nikaipiga picha polepole mara tano. Kule Goma tuliitoa kwenye karatasi. Nyanya aliishika muda murefu. Kisha akasema tu: "Hili shati nililifua mimi." Januari 2025, vita vilipoingia Goma, nyanya alitoka na kitenge kimoja, dawa zake, na ile picha. Safari hii haikubaki katika sanduku.

Basi wadogo zangu, jibu langu ndilo hili. Mutembee na kitu cho chote: fuso, masua, treni, pikipiki, kinga. Lakini muchague njia ambayo munaweza kuirudia. Mutu akikuachia sura yake, umechukua deni. Anapouliza, "Ile picha utaniletea siku gani?" usijibu "Kesho" kama hautafika kesho. Andika jina lake na la kijiji katika kadaftari. Kama hauna njia ya kurudi, tafuta mufanyabiashara, katekista au shofere mwenye kupita pale, umupe bahasha. Omba ruhusa kwa mutu mwenyewe, na kwa mutoto umuombe muzazi wake. Kwa mukubwa wa kijiji ufike mbele ya kutoa mashine. Mutu akisema hapana, ni hapana; muheshimu, umuage vizuri. Na katika nyakati hizi za vita, usionyeshe sura ya mutu aliyejificha, wala nyumba anamolala. Picha inaweza kuponyesha, inaweza kuuza mutu pia.

Nawaomba jambo moja kwa likizo hii. Musingojee safari kubwa. Kila mutu aende kwa muzee mumoja wa jamaa yake, na zaidi kwa yule anayekaa mbali, ambaye hamujamusalimia siku nyingi. Muulize kama iko picha ya zamani nyumbani. Muipige karibu na mulango, bila kuitoa jua kali, bila kuikunja. Kisha mumupige muzee mwenyewe, kivulini, kwa utulivu. Mutoe karatasi mbili: moja yake, moja ya nyumba nyingine mbali na ile. Musitumaini simu peke yake. Simu inaibiwa, inaanguka majini, na siku moja haiwaki tena.

Nauli mutaitafuta wenyewe. Mimi nimeanza kuweka kidogokidogo. Nyuma ya mtihani, kama amani inaruhusu, nataka kurudia Idjwi na kinga. Iko picha ya mama muzee niliyemupiga ile asubuhi, na bado sijamufikishia.

Mutihani mwema kwa wote.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita